Mlango wa Nyuma wa Zahanati

Ugonile, juba, mama yangu. Natumaini mvua haijalaza mpunga na miguu yako imeacha kuvimba. Mimi huku Hanang mzima, nimenenepa, mafundi wenzangu wanasema napendeza na sijawabishia. Neema, unayemsomea mama, usiruke maneno kama unavyoruka zamu ya vyombo.

Mama, tunajenga zahanati ya Wabarabaig. Kabla ya kupandisha ukuta, nesi aliwaita kina mama wa hapa waseme wanaitaka iweje. Mimi na darasa langu la saba nikacheka: tangu lini ramani ikaulizwa kwa bibi? Bibi mmoja akanijibu:

"Fundi, tuwekee mlango nyuma. Mbele watakaa baba wakwe zetu, na sisi hatupiti mbele yao."

Mwiko ulinidondoka. Nilimwona akilini mke wangu Bupe, huko nyumbani.

Unakumbuka nilivyoringa baba alipopewa ulinzi wa zahanati yetu ya huko? Koti, tochi, kijiji kizima kikapongeza. Hakuna aliyewauliza wanawake, wakati hata mtoto wa Kinyakyusa anajua mke wa mtu haonani na baba mkwe. Mwaka juzi Bupe akafika na uchungu wake, akaliona koti getini, akajifunika khanga akarudi kujifungulia migombani. Baba naye aliiona khanga, akageuza uso alivyofunzwa. Wote wawili walishika adabu. Mtoto wetu ndiye aliyekosa pa kupita, tukamzika. Na nesi wa zahanati yetu, aliyetoka mikoa ya mbali asijue mila zetu, akamwita Bupe mzembe.

Sasa Bupe ana mimba nyingine, na geti ni lile lile. Mama, mwombe baba, Bupe akianza kuumwa, yeye aende akatazame kakao, amwachie mwingine lindo. Mwambie simlaumu, ila roho inaniuma. Halafu mwenyekiti awaite wanawake awasikilize. Nikirudi nitautoboa ukuta wa nyuma wa zahanati yetu bure, ingawa siku hizi mimi ni fundi ghali.

Nisalimie shangazi wa Talatala, na mjomba muuza vyungu wa Lyulilo. Mwambie kile alichonipa kilivuja kabla sijafika Mbeya.

Bupe mwambie mlango nimeshaupima kichwani. Upana wake ni mwanamke mmoja na mama mkwe aliyemshika mkono.

Ndaga fijo, juba, asante sana.

Mwanao,
Fundi Gwamaka