Sarafu ya Tembo Iliyosuguliwa

Bunia, tarehe 14 Septemba 2024

Mpendwa shemeki Étienne,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Uko namna gani huko Sherbrooke? Na Ornella, na batoto, wanaendelea vizuri? Tunasikia baridi imeanza kurudi kwenu, mujifunike. Siye huku tuko wazima wa mwili. Mama yenu bado yuko Iga Barrière kwa dada yenu Gracieuse. Anakula kidogo na miguu inamusumbua, lakini misa ya Jumapili haikosi.

Usinikasirikie kwa kuwa sipokei simu zako. Kwa simu maneno yananiishia. Karatasi hii ninampa Abigaël, binti ya jirani yetu, anayekuja huko kwa masomo.

Jemima binti yetu amefaulu Examen d'État, ule mutihani wa kumaliza sekondari. Watu walikuja kumumwagia poda kichwani kwa shangwe, nikapika wali, nikacheka walipocheka. Ningependa kukuambia kwamba nilifurahi, lakini sijui kama nilifurahi.

Kwetu kijijini Fataki hatujarudi bado, sababu ya vita. Waliokwenda kuangalia mashamba wanasema muhogo umekomaa na hakuna wa kuuchimba.

Sasa ile sarafu. Uliniuliza iliishia wapi, maana ulikuwa umeshatuma fungu lako kabla ndugu yako Fabien hajafa, ili mununue pamoja ile sarafu ya feza yenye tembo ya mwaka wa 1944, ya faranga hamsini. Nitakueleza yote, hata yale ninayoyaonea haya.

Siku ya tatu baada ya kumuzika Fabien, simu yake ililia mezani. Alikuwa Assani, muchuuzi wa Ariwara anayeuza vitu vya zamani kwa WhatsApp. Aliandika: "Muzee, ile sarafu bado iko. Unaonaje?" Nilitaka kumujibu kwamba mwenye simu amekufa. Vidole vikaandika: "Bado niko naangalia. Tuma picha ingine."

Haukuwa ujanja. Ilikuwa rahisi tu kuliko lile neno lingine. Na kwa mutu mumoja huko Ariwara, Fabien alikuwa bado anachagua sarafu. Nilimuacha hivyo wiki tano.

Unajua miaka kumi na tisa nilikaa naye kwenye ile meza ya kutengenezea saa, na kila sarafu iliyopita pale alinionyesha. Alikuwa akisema, usimuulize muuzaji kama sarafu ni ya kweli, muulize inapima ngapi. Basi nilimuomba Assani picha ya sarafu juu ya mizani. Gramu kumi na saba na nusu, kama inavyotakiwa. Nikaomba aikaribie na sumaku, haikunaswa. Nikaomba picha za ukingo, kuzunguka kote, kwa sababu sarafu ya bandia iliyomiminwa huacha musitari pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana, na ngozi yake huwa na vitundu vidogo kama mukate. Ukingo ulikuwa safi. Mwisho nikamwambia aipige picha karibu na dirisha, kando yake karatasi yenye tarehe ya siku ile, maana wengine wanauza picha za sarafu za watu. Jemima alizitafuta picha zake kwenye intaneti nzima, asizione popote. Zilikuwa zake kweli.

Ilibaki cheo, yaani imechakaa kiasi gani. Assani alisema ni SUP, yaani kama haijatumika. Niliikuza picha. Mikunjo ya sikio la tembo ilikuwapo, lakini juu ya kichwa palikuwa pamelainika, na pembe pia. Nikaandika: "Si SUP. Ni TTB. Imetembea mikononi mwa watu, ila ilitunzwa." Ilikuwa na ile giza ya miaka ambayo Fabien aliita nguo ya sarafu, na hiyo ndiyo iliyonipendeza. Akajibu: "Muzee, weye hauna huruma, lakini uko na macho." Akakubali bei ya TTB. Tukapatana ailete mwenyewe, kwa kuwa alikuwa anakuja Bunia na mizigo ya nguo.

Alifika Jumanne, viatu vyote vumbi. Ni mutu wa umri wangu.

"Mama, niko natafuta muzee Fabien, fundi wa saa."

"Kaa," nilimwambia. "Toa kwanza sarafu."

Aliifungua kwenye kitambaa. Iling'aa kama sahani mupya. Mizani ilisema vilevile kama kwenye picha. Nikaweka kioo jichoni: uso wote wa tembo ulikuwa na mikwaruzo myembamba, yote ikielekea upande mumoja.

"Umeisugua," nilisema.

"Na majivu na ndimu. Nilitaka muzee aifurahie."

"Ni ya kweli. Lakini TTB haiko tena. Sarafu iliyosuguliwa, wakusanyaji wanaikimbia. Ile giza hairudi."

Aliirudisha juu ya kitambaa. "Basi muzee mwenyewe aseme. Yeye ndiye tuliongea naye."

"Fabien alikufa," nilisema. "Tarehe mbili ya mwezi wa nane."

Shemeki, padri alilisema neno hilo, majirani walilisema, mimi nilikuwa nimekaa tu. Kinywani mwangu lilikuwa halijapita bado.

"Nani basi alikuwa ananiandikia?"

"Mimi."

Hakukasirika. Alivua kofia, akaiweka juu ya magoti. "Pole, mama," alisema. "Nilidhani ni yeye, mupaka na ukali wake."

Bei aliishusha mwenyewe, nami nikainunua. Fabien asingeinunua. Abigaël anakuletea. Usiisugue tena, hata kwa kitambaa, na siku ukitaka kuiuza, umwambie mununuzi kwamba ilisuguliwa.

Ninajua wanakuandikia kwamba mama Jemima amejikaza, hakulia. Si nguvu, Étienne. Ni kama fizi baada ya sindano ya muganga wa meno: unaigusa, ni kama ya mutu mwingine. Ninakuambia weye ili awepo mumoja anayejua.

Kesho yake, Jumatano, nilienda kwenye meza yake sokoni, nikafungua droo. Kila aliyekuja kuulizia saa yake nilimwambia, Fabien alikufa, chukua saa yako. Walikuja watu tisa. Kwa yule wa tisa sikumaliza neno, kilio kikanikatiza. Ni mama mumoja muuza chumvi, simujui jina. Alinishika mukono, na tulikaa hivyo mupaka watu wakaanza kukunja maturubai yao.

Umusalimie sana Ornella, na batoto wenu Aimé na Élise. Mama yenu anawatumia baraka zake, Gracieuse na Jemima pia wanawasalimu. Mungu awalinde katika inchi ya watu, awape usingizi na kazi isiyowavunja mugongo.

Ni mimi muke wa ndugu yako, ninayekupenda kama tulinyonya ziwa moja,

Alphonsine