Namba ya Mama Imepokelewa Nakapanya

Jumatatu, 9 Juni
Likizo. Baridi. Ukungu umekaa hapa Msamala mpaka saa nne. Nimefagia, nimechota maji, nimeloweka nguo. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa sweta. Nikainama kwenye beseni, ikatumbukia. Sikusikia hata mlio, lilikuwa povu tu. Nikaitoa inawaka. Nikashukuru mapema. Ikazima.

Mama mdogo ameifukia kwenye mchele wa Jumapili. Anasema mchele unanyonya maji. Tumekula ugali.

Jumanne, 10 Juni
Asubuhi imewaka. Nembo, inatetemeka, inazima. Inawaka tena, nembo, inazima. Kama mtu anayetaka kukuambia kitu halafu anaghairi. Nimekaa nayo kitandani mpaka chaji ikaisha.

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Silii simu. Ndani kuna sauti za Mama. Hakupenda kuandika, alisema herufi zinamchelewesha. Alikuwa anarekodi na kutuma. Yuko Madaba ananunua mahindi, amekaa juu ya magunia anasubiri lori, upepo unavuma hadi maneno mengine huyapati. Anagombana na kuku wa watu. Anataniana na mtu pembeni kwa Kingoni, halafu ananirudia kwa Kiswahili taratibu kana kwamba mimi mgeni. Na kuna video moja, ya kujirekodi bila kujua, inaonyesha dari na yeye anaimba vibaya.

Tangu Agosti nasikiliza moja kila ninapolala. Moja tu. Niliogopa zitaisha.

Jumatano, 11 Juni
Tumekwenda kwa Osmundi, fundi simu wa njia ya sokoni. Kijana mwenye maneno mengi. Ameifungua, akainusa, akasema simu imekunywa sabuni, sasa ni safi lakini haina akili. Mama mdogo amecheka. Mimi hapana.

Akasema anaweza kuiflashi, itawaka leo leo. Mama mdogo akasema basi flashi, mtoto apate simu yake. Mimi najua kuflashi ni nini. Inaamka mpya, haimjui mtu. Nilitaka kusema hapana. Lakini nina ugonjwa huu, watu wakinitazama maneno yanagoma kooni. Nikaipokonya mezani. Mbele ya wateja.

Mama mdogo kaona aibu, kaniambia mwanamke mzima unanyakua vitu kama mwewe. Osmundi akaniangalia. Akauliza taratibu kama ndani kuna kitu. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo. Akasema hiyo ni kazi nyingine kabisa. Njoo Ijumaa.

Najichukia.

Ijumaa, 13 Juni
Haijakubali. Ameisafisha kwa spiriti, ameipasha moto, amebadilisha betri. Nembo tu. Anasema vitu vyangu huenda bado vimo, kwenye kidude kidogo kuliko ukucha wake, ila mashine ya kuvitoa yeye hana, na hamjui mtu Songea mwenye nayo. Dar labda. Hata huko hanihakikishii.

Kisha akauliza email yangu. Sina email. Akasema kila mwenye simu kubwa anayo, hata bibi yake anayo na hajui. Aliyekuuzia ndiye aliyekufungulia. Nikakumbuka. Dukani, yule kaka alibonyeza haraka haraka, akamuuliza Mama namba yake maana mimi nilikuwa bado sina laini, akasema tayari. Nywila hakutupa. Hatukujua kama kuna cha kupewa. Duka lenyewe sasa linauza vitenge.

Osmundi akasema vitu vinaweza kuwa vimejihifadhi huko kwenye email. Kajaribu kuitafuta kwa namba yangu, hakuna. Nikamwandikia ya Mama kwenye kipande cha boksi. Ipo. Jina langu likatokea kwenye simu yake, na maneno kwamba namba za siri zimetumwa kwa meseji kwa mwenye laini.

Osmundi kafurahi. "Mpigie mama akusomee," kasema.

Nikaondoka. Sikuaga hata.

Jumamosi, 14 Juni
Nimemweleza Mama mdogo tukiwa tunapukuchua mahindi, yeye akiangalia mahindi na mimi nikiangalia mahindi. Hivyo naweza kuongea. Akasema laini ile imekufa siku nyingi, haikuwekwa vocha, kampuni itakuwa imeshamuuzia mtu mwingine. Akafikiri. Akasema, basi tumtafute huyo mtu.

Namba ya Mama kwenye simu yake imeandikwa "Dada" mpaka leo. Kabonyeza. Ikaita. Sikutegemea itaita kama zamani. Mama mdogo kanipa simu, katoka nje, nikamwona kupitia dirishani anajifanya anaangalia bomba.

Mwanamke kapokea. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba. Nikasema kuna namba zimekuja kwenye simu yako, naomba unisomee.

Kacheka kwanza. Halafu si kicheko tena. "Mmeanza kutumia watoto sasa? Mwaka juzi mlinifilisi na hizo namba zenu. Nikusomee tena?"

Nikasema ilikuwa namba ya zamani ya mama yangu.

"Basi mama yako anipigie mwenyewe."

Nilikuwa na jibu. Ni neno moja tu. Halikutoka. Akakata.

Jumapili, 15 Juni
Misa ya kwanza. Sikusali. Nimekaa tu na midomo ikitembea. Namchukia yule mama. Nachukia kampuni. Kwa dakika chache nimemchukia hata Mama, kwa nini alitoa namba yake.

Jumatatu, 16 Juni
Mama mdogo kampigia mwenyewe akiwa sokoni. Kapayuka kwamba sisi siyo wezi, sisi ni watu wa kanisa. Hivyo hivyo ndivyo wezi wanavyosema. Yule mama kamwambia akipiga tena anakwenda polisi. Sasa namba ya Mama mdogo haiingii kabisa.

Nimefungua kurasa za nyuma za daftari hili. Nimeandika "aliondoka". Nimeandika "tangu Agosti". Nimeandika "hayupo". Shuleni walimu wakiuliza kwa Kiingereza ninasema she is not around. Lile neno sijawahi kuliandika kwa lugha yoyote. Kulisema ndiyo kabisa.

Jumatano, 18 Juni
Laini yangu nimeiweka kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe ya zamani ya Mama mdogo. Nimekwenda nyuma ya jiko. Nimefanya mazoezi mbele ya ukuta, kama watoto wa mashairi. Nikapiga. Kioo kikaandika "Mama". Nilikuwa nimesahau kwamba jina liko kwenye laini.

Kapokea. Kelele za barabarani, magari makubwa. Nikasema haraka, "Naitwa Skola."

Nikajua amekata. Kumbe hapana.

"Skola wa Mama Skola?"

Nikasema ndiyo.

Akasema subiri, nikasikia anamwambia mteja achukue chapati aweke hela pale. Akasogea pasipo kelele. Akasema tangu anunue laini ile watu wanampigia wakimwita Mama Skola. Wanauliza mahindi, wanauliza magunia, mmoja aliwahi kumwimbia. Kuna mzee wa Madaba hasikii vizuri, anamwambia baba umekosea namba, naye anajibu sawa Mama Skola, na wiki inayofuata anapiga tena. Akasema, nimechoka kuitwa jina la mtu nisiyemjua. Kisha akauliza.

"Kwani mama yako yuko wapi, watu wote hawa hawampati?"

"Amekufa."

Sikusema amefariki. Nilisema amekufa, kama mtu anavyosema mbuzi amekufa. Limetoka kavu. Nikakaa kwenye kuni.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Na baadaye, "Mwanangu. Nisamehe yale ya juzi."

Anaitwa Mama Hadija. Yuko Nakapanya huko Tunduru, anauza chapati na chai kando ya barabara. Namba za siri za juzi alizifuta kwa hasira. Akasema kesho nikifika kwa fundi nimpigie, atakuwa ameshika simu mkononi, chapati na ziungue.

Nimelia mpaka nimetapika. Lakini kesho.

Alhamisi, 19 Juni
Nitaandika yote mara moja halafu basi.

Tulikwenda mimi na Mama mdogo. Osmundi alikuwa ameshaambiwa habari za Mama, sijui na nani, maana leo hakutania. Kaandaa simu yake. Nikampigia Mama Hadija, Osmundi kabonyeza, meseji ikaingia kwake. Akaanza kutusomea kama hela. Laki nne, elfu sabini na… Osmundi anamwambia mama, moja moja. Anaanza upya, laki nne. Muda ukaisha. Tukaomba nyingine. Safari hii Mama mdogo kamwambia Mama Hadija, soma kama unahesabu watoto. Akasoma. Tumecheka wote wanne. Kweli tulicheka. Kitu hiki ndicho kinachoniuma kuliko vyote.

Email ikafunguka. Tukaweka nywila mpya. Osmundi kanipa simu, kasema wewe msomi, soma mwenyewe.

Upande wa picha, hakuna. Kuna mchoro wa rangi rangi na Kiingereza cha kuchangamka. Mama mdogo kauliza, inasemaje? Nikamtafsiria. Inanikaribisha. Inasema niweke picha yangu ya kwanza.

Upande wa sauti na meseji, hakuna. Osmundi kahangaika, kafungua huku na huku, jasho likamtoka na baridi hii. Mwisho akasema yule aliyetuuzia alizima kujihifadhi. Wote wanazima. Wanazima ili bando la mteja lisiishe, asije akarudi dukani kugomba. Walitufanyia wema.

Kilichohifadhiwa ni majina na namba za watu. Majina yote yapo. Mwalimu wa hesabu. Mama. Muuza mkaa.

Simu ya Mama Hadija ilikuwa bado iko hewani. Akauliza, "Zipo?"

"Hazipo."

Hakusema pole. Hakukata. Nilisikia magari yakipita kwake, moja, halafu jingine, na yeye anapumua. Tukakaa hivyo mpaka salio langu likaisha.

Osmundi kauliza aiflashi basi, angalau niwe na simu. Nikasema hapana. Kwa sauti. Watu wakageuka.

Ijumaa, 20 Juni
Sijaenda popote. Sijala.

Nikifumba macho nimsikie Mama, inakuja sauti ya Mama Hadija inasoma laki nne. Nafukuza, inarudi. Nilikuwa nayo Jumatatu ile asubuhi, sauti yake kamili. Sasa najua tu kwamba ilikuwa nzito kidogo. Kidogo kiasi gani? Sijui. Nimemuuliza Mama mdogo anionyeshe. Amejaribu. Ameshindwa, akaingia chumbani akafunga mlango.

Jumapili, 22 Juni
Kitochi kimelia mchana. Kioo kimeandika "Mama", inaita. Moyo ulifanya upumbavu kwa sekunde moja. Halafu nikapokea.

Mama Hadija. Kaniuliza hali, kaniuliza kama nimeamka vizuri. Amezunguka zunguka. Mwisho kasema yule mzee wa Madaba kapiga tena asubuhi. Anasema mahindi yamekauka, ameshamtengea Mama Skola magunia yake kama kila mwaka, wanunuzi wengine amewafukuza. Anauliza lini anatuma lori.

"Nimwambie nini, mwanangu? Nikisema umekosea namba naona sasa ninamdanganya."

Nikamwambia nitamjibu.

Jumanne, 24 Juni
Mpaka leo sijamjibu. Niandike ubaya wangu. Nataka asiambiwe. Huko Madaba kuna mtu mmoja ambaye kwake Mama amechelewa tu. Anamwekea magunia. Anakasirika kidogo, pengine, anasema huyu mama vipi mwaka huu. Kwingine kote imekwisha, pale bado. Nikimwambia, ndiyo basi tena.

Na mahindi yake yanaliwa na panya huku akimngoja.

Mama asingekubali hata kidogo. Mahindi ya mtu.

Jumatano, 25 Juni
Nimempigia Mama Hadija saa mbili asubuhi kabla hajaanza kukaanga. Nimesema, mwambie amefariki. Mwaka jana mwezi wa nane, aliugua wiki mbili. Mahindi ayauze. Mwambie asante kwa kumtengea. Nimesema yote bila kusimama. Kasema atamwambia, na atapaza sauti asikie.

Mchana nimepukuchua. Mama mdogo kapepeta.

Jioni Mama Hadija amenitumia meseji, nadhani kaandikiwa na mtu. Mzee amesikia. Halafu akauliza jina la Mama. Siyo la mtoto, lake mwenyewe. Anataka kumwombea misa parokiani kwao na miaka yote hiyo hakuwahi kuliuliza. Mama Hadija hakuwa nalo.

Kitochi kina vitufe vigumu, herufi moja unabonyeza mara tatu. Nimekaa kizingitini. Nimeandika Gaudensia. Nimelisoma. Nimelituma.