Programu ya Kunakili Imefuta Picha za Mke Wangu, Naye Anadhani Kosa ni Lake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba pia uwaonye wenzangu hadharani, kwa sababu mimi nimeponzwa na programu, si mtu, programu ya kompyuta, na sijui hata nimshtaki nani.

Mimi na mke wangu tuna studio ndogo ya picha, chumba kimoja cha mbele chenye pazia na stuli mbili, na siku za sherehe tunafunga mlango tunakwenda wote, yeye na kamera yake na mimi na yangu, kamera za aina moja tulizonunua siku moja duka moja, na kabla ya kila sherehe huwa nazirudisha zote mbili zianze kuhesabu picha kutoka namba moja, kwa sababu napenda mambo yaliyonyooka. Kazi ya kuingiza picha kwenye kompyuta ni yangu, na kwa kweli kunakili kwa njia ya kawaida kulikuwa kunanitoa roho, ule mstari unatambaa kama konokono, halafu inasimama kukuuliza, faili lenye jina hili lipo, je, ubadilishe, uruke, au uweke yote mawili, na jibu langu kila siku ni lile lile, weka yote mawili, lakini lazima iulize, mtu mzima na ndevu zangu nahojiwa na mashine ndani ya studio yangu mwenyewe! Basi mwenzangu mmoja wa kazi hii akanisifia programu ya nje ya kunakili faili, ya bure, akasema inakimbia mara tatu na umeme ukikatika inaendelea ilipoishia, nikaiweka, na siku ya kwanza nilikuwa narudia kunakili folda ya zamani, ilipouliza nikabonyeza "badilisha", nikaona chini yake kisanduku kimeandikwa "usiniulize tena", nikakitia alama kwa furaha kubwa.

Wiki iliyofuata ikaja harusi. Jioni nikaingiza kadi ya kamera ya mke wangu, picha mia nne na kumi na mbili, kisha nikaingiza yangu, mia sita na arobaini, folda moja, na programu haikuuliza kitu, ilikimbia vizuri sana, ikaandika "Imekamilika, makosa sifuri", nami nikazirudisha kadi kwenye kamera nikazifomati zote mbili zibaki tupu kama kawaida yangu, nikaenda kula. Siku ya tatu nafungua folda nakuta picha mia sita na arobaini, zote zangu, za mke wangu hakuna hata moja, zangu zilikuwa zimekalia zake jina kwa jina, na ile programu bado inajisifu kwamba makosa ni sifuri.

Kabla sijapata pumzi, mama wa bibi harusi akaingia studio. Huyu mama na dada yake mkubwa walikuwa hawajasemeshana miaka tisa kwa ajili ya kiwanja, na siku ya harusi, huko nyuma kwenye masinki, dada mtu alimkuta mdogo wake anahangaika na zipu ya gauni, akamfungia bila neno, kisha wakakumbatiana wakalia, na hapakuwa na mtu mwingine ila mke wangu na kamera yake. Mama akasema, "Albamu baadaye, mwanangu. Nionyeshe kwanza ile ya mimi na dada." Mshauri, sijui neno lilitokaje, nikajikuta nimesema, "Mke wangu hakuiweka kadi vizuri, kamera yake haikuhifadhi kitu."

Mke wangu alikuwa pale pale mezani anakata karatasi za albamu. Akaweka mkasi chini. "Lakini niliziona kwenye kioo cha kamera," akasema. Nikamwambia, "Kuziona si kuhifadhi." Yule mama akamgeukia, "Binti yangu, ungesema tu kwamba kazi hii huijui, ningetafuta mwingine," akaondoka.

Sasa ni wiki ya tatu. Kamera yake iko ndani ya mkoba juu ya kabati, na kadi yake ndani, hajaigusa tangu harusi. Shule ilimwita apige picha za mahafali akakataa. Ameniambia, "Nisamehe, baba watoto, nimekuaibisha mbele ya mteja. Niachie mkasi na gundi, kamera ni yako." Mara moja tu aliniuliza kama nilitazama vizuri kwenye kompyuta, nikamwambia asiniulize tena mambo hayo, yameisha. Swali langu ni hili: je, hizi programu za nje za kunakili zinafaa kweli, au nirudi kwenye njia ya zamani? Na je, kuna haja ya kumwambia mke wangu, ilhali yeye mwenyewe ameshakubali yaishe?

Ni mimi,
Mpiga Picha Aliyeponzwa

MSHAURI ANAJIBU

Wewe unayejiita uliyeponzwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Nianze na swali ulilolipa nafasi kubwa, nilimalize, tubaki na lile ulilolificha mkiani.

Mimi si mtu wa kompyuta, kwa hiyo nilishuka kwa mama anayetunza picha hapa gazetini, mtu wa maneno machache. Anasema programu hizi zina kazi yake. Anayenakili maelfu ya faili kila siku, anayekatiwa umeme katikati, anayetaka mashine ilinganishe nakala na faili halisi ikishamaliza, huyo zinamfaa. Hiyo mbio mara tatu uliyosifiwa usiibebe yote kichwani, maana kadi ina kasi yake na waya una kasi yake, na programu haiwezi kuzipita. Kwa kadi mbili za sherehe, njia iliyokuja na kompyuta yako inatosha kabisa. Ukitaka kubaki na hiyo ya nje, kila kamera iwe na folda yake, mpangilio urudi kwenye kuuliza kila mara, na kadi isifomatiwe mpaka ufungue picha uzione kwa macho na nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine. Nilipomsomea kisa chako chote, alisema, "Programu ilitii," akarudi kwenye kazi yake.

Ilitii! Uliiambia ibadilishe, ikabadilisha. Uliiambia isikuulize, ikanyamaza. Kuuliza si ujinga, na ile njia ya zamani uliyokuwa ukiitukana ilikuwa imekulinda miaka yote kwa swali moja tu. Ukalinyamazisha swali la mashine, kisha mkeo alipouliza swali la maana kuliko yote, naye ukamnyamazisha. Kwa hiyo usiniambie habari ya kushtaki programu. Ningekuwa hakimu, hiyo ingetoka mahakamani na wewe ungebaki.

Na hilo neno ambalo hujui "lilitokaje", baba, neno halina miguu. Ulilitoa wewe. Ulikuwa na nafasi ya kusema "kuna hitilafu, nipe siku mbili", ukachagua kumtwisha zigo mtu aliyekuwa anakukatia karatasi. Kisha alipojitetea kwa ukweli mtupu, kwamba picha aliziona, ukamfanya ayatilie shaka macho yake mwenyewe. Hilo limenikasirisha kuliko picha zote mia nne. Kufuta kwa bahati mbaya ni ajali, humpata kila mtu. Lakini mwanamke ameacha ufundi wake, anakuomba msamaha kwa kosa lako, nawe unaupokea! Unakulaje chakula mezani na mtu huyo? Tena unathubutu kuniandikia kwamba "amekubali yaishe". Hajakubali chochote, amedanganywa.

Sasa nisikilize, kuna jambo ambalo wewe mwenye studio ulipaswa kulijua kabla yangu. Mama wa picha anasema kufomati kadi ndani ya kamera mara nyingi hufuta orodha tu, picha zenyewe hubaki mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Mkeo hajapiga hata moja tangu siku ile. Yaani ile aibu uliyomvika ndiyo iliyoitunza kadi. Fundi mzuri anaweza kuzirudisha, zote au baadhi, ingawa hakuna wa kukuahidi. Ikishatolewa kwenye kamera isirudishwe, na usijaribujaribu mwenyewe.

Nakuona unavyonyanyuka kwenda kabatini. Kaa chini kwanza! Najua unachowaza, maana nimewajibu wengi wa aina yako. Utaichukua kadi kimya kimya, picha zitarudi, utatokea kifua mbele, "Mke wangu, nimeokoa ulichoharibu," naye atakushukuru. Atakushukuru, maskini, na uongo utakuwa umeota mizizi kabisa. Mficha uchi hazai. Utamwambia kwanza, ukiwa bado hujui kama picha zipo au zimepotea. Kadi ni yake, yeye ndiye ataamua imfikie fundi gani. Kisha mtakwenda wote kwa mama wa bibi harusi, na atakayezungumza ni wewe, picha zipo au hazipo. Aliyeambiwa hajui kazi mbele ya mteja, asafishwe mbele ya mteja huyo huyo. Asipokusamehe siku hiyo, usimharakishe.

Ukimwambia, usianze na konokono wala kasi wala yule mwenzako aliyekusifia. Sema, "Ulipiga vizuri. Mimi ndiye niliyezifuta." Ni maneno matano, uongo wako ulikuwa na mengi zaidi. Na uyaseme leo asubuhi, maana barua yako nimeichapisha nzima, na mkeo anajua kusoma.