Kisanduku Kinachotukana Watu Wazima

Izia, Sumbawanga
9 Desemba 1984

Dada yangu Dominika,

Shikamoo. Nakuamkia wewe, Shemeji Polikarp na wapwa zangu wote. Natumaini mvua imewakuta wazima na kifua cha shemeji kimetulia. Mimi mwili haujambo, nakula na kulala, isipokuwa roho imenichafuka kama mtu aliyekunywa pombe ya ulezi akakuta nzi chini ya kopo.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Katekista Urbano. Unasema lori la mbolea lilipita Chala bila kusimama, watu wamejipanga barabarani, dereva akawapungia mkono kama anakwenda harusini. Unanikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilisimama nje ya kanisa, watu wanatoka misa, nikatangaza kuwa mwaka huu Chala imo kwenye mgao, wasiwe na wasiwasi, mgao unapita kwenye vidole vya Oswaldi. Ni kweli nilisema. Tena unasema huko sasa wanavumisha kwamba mbolea imeliwa na yule mwanamke wa Mbeya wa ofisini kwetu, na unataka nikuambie kama ndivyo, upate la kuwajibu. Dada, hilo siwezi kulijibu kwa ndiyo au hapana. Kaa nikueleze.

Wewe wanijua. Mimi ndiye niliyeteremsha lori lisilo na breki mpaka Ilemba, kinyumenyume, na mayai ya mama mmoja aliyekaa nyuma hayakupata hata ufa. Mimi ndiye niliyepigiwa taipureta na radi nikamalizia barua mpaka nukta, karatasi ikitoa moshi. Basi mtu huyo huyo, na mvi zangu hizi, nimegeuzwa kituko na kisanduku.

Ile kompyuta ya kwanza aliyotuletea Mzungu wa mradi haikuwa na ubaya. Wenzangu wote waliikimbia, nikabaki mimi, na darasa langu la sita. Ilikuwa na adabu. Ukiiandikia neno isilolielewa, ilikurudishia neno lako hilo hilo na alama ya kuuliza, kama mzee mwenye masikio mazito anayesema, umesemaje mwanangu? Unasahihisha, mnaendelea. Niliizoea kama njia ya kisimani.

Mwaka huu ikaletwa nyingine. Kwa sura utadhani ni ndugu: kioo, vitufe vya herufi, na midomo miwili ya kumeza disketi, yaani vile visahani vyeusi vyembamba vinavyotunza maandishi. Kumbe ndani wamebadilisha mfumo. Mzungu alisema kila kompyuta ina mfumo wa kuiendesha, na huo ndio unaoamua neno gani ni amri na neno gani ni kelele tu. Akatuachia kitabu cha Kiingereza kinene kama misale, akaenda likizo kwao. Dada, unakumbuka Operesheni Vijiji? Mtu unalala kwako, unaamka unaonyeshwa kiwanja cha nyasi unaambiwa hapa ndipo kwako. Maneno yangu yote yalihamishwa namna hiyo. Lile la kufuta silioni. Lile la kunakili silioni. Lililobaki mahali pake ni lile la kuonyesha yaliyomo, basi nikawa nalichapa hilo hilo kutwa nzima, ili wapitao wasikie vitufe vinalia.

Na hiki kipya hakiulizi. Kinatukana. Ukikosea kinakuandikia kwa Kiingereza, na Suma akanitafsiria: amri mbaya. Mimi! Amri yangu mbaya! Nimewahi kukaripiwa na mapadre na wakuu wa wilaya, lakini hao wana vinywa na mama zao wanajulikana. Hiki ni plastiki, tena kikishapata moto kinanuka kama kandambili iliyoangukia jikoni. Kila asubuhi nilikuwa nikikiangalia natamani kutema mate.

Suma ndiye huyo mnayemsema. Ni binti wa Tukuyu, kamaliza kidato cha nne, mdomo wake ni wembe. Tuliwekwa pamoja tukijue hicho kisanduku kabla ya mgao wa mbolea. Kwa kuwa kitabu hakikumwingia hata yeye, tukawa tunabahatisha. Mimi nachapa, kinatukana. Yeye anafunua ukurasa, anachapa, kinatukana. Siku moja nikakijaribu kwa Kifipa, kikatukana na Kifipa chetu. Suma akacheka mpaka akashika meza. Akaniuliza, mzee Oswaldi, hicho kidole kimoja unachapa nacho au unachimbua viazi? Nikamwambia kidole hiki kimeandika barua za wakubwa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Akasema ndiyo maana kimechoka. Ndivyo tulivyoishi. Lakini kila neno lililokubaliwa na kisanduku tulishangilia wote wawili, akaninunulia na maandazi.

Basi tukaandika mgao wa mwaka huu kwenye disketi mpya, na Chala nikaichapa mimi mwenyewe. Karatasi zikatolewa, malori yakapakia, yakaondoka. Hatukujua kitu mpaka watu wenu walipokuja juu, na wa vijiji vingine vipya nao. Meneja wetu, Ndugu Theodory, alipozitazama zile karatasi akakuta ni mgao wa mwaka jana mtupu. Vijiji vilivyopata mwaka jana vimepata tena, vilivyoongezwa havimo. Akauliza nani aliandika. Wakasema Suma ndiye mwenye disketi. Akamwita mbele yetu, akamwambia watu wa Mbeya ni wajanja, na kuuficha mgao wa serikali ni uhujumu uchumi. Akasema ataandika kwa wakubwa wa mkoa, wamchukue. Unajua siku hizi neno hilo likimshika mtu linampeleka wapi. Yule binti mwenye mdomo aliniangalia mimi. Mimi nikawa nafuta kioo kwa kitambaa, na kioo hakikuwa na vumbi.

Sasa dada, kama umeshika kitu mkononi kiweke chini. Ni mimi.

Siku ya kutoa karatasi, Suma alikuwa ametumwa posta. Ndugu Theodory alisema mgao mpya unakiliwe pia kwenye disketi ya mwaka jana, ili uwepo mahali pawili, na Suma alikuwa ameniomba nimngoje. Nimngoje, mimi? Nilikuwa nimeshalipata neno la kunakili, nikaona limetosha. Kumbe kompyuta ya zamani ilitaka useme kwanza unakopeleka kitu, ndipo useme unakokitoa. Hii mpya ni kinyume: sema kwanza unakotoa. Nikaiambia kwa desturi ya zamani. Kwa hiyo ikachukua mgao wa mwaka jana ikaufunika juu ya wa mwaka huu, ukapotea. Na unajua kilichonichefua kuliko yote? Siku hiyo hakikutukana. Kilinijibu kwa upole kabisa kwamba faili moja limenakiliwa. Mara zote nilipokuwa sina kosa la maana kilinitukana, na siku nilipokosa kweli kweli kikanishukuru! Nami nikafurahi kama mjinga, nikatoa karatasi bila kuzisoma.

Juzi nikaamua kusema. Jana asubuhi nikaingia kwa Ndugu Theodory, nikavua kofia, nikamweleza yote. Akanisikiliza, halafu akacheka. Akasema, nenda zako mzee Oswaldi na hadithi zako, jana ulishusha lori kinyumenyume, leo umehamisha mbolea ya mkoa kwa kidole? Nikaapa. Akasema namwonea huruma binti, ni jambo zuri, lakini nisimchezee. Wenzangu nao wakacheka. Dada, nimesema uongo wa kuchekesha miaka yote hiyo na hakuna aliyenibishia, siku nimeleta la kweli wakanirudishia mlangoni.

Nikawaambia njooni wote. Nikakaa mbele ya kile kisanduku, Suma amesimama pembeni na begi lake. Nikaomba disketi mbili zisizo na kazi, nikaandika ndani ya moja neno "mpya" na ndani ya nyingine "zamani", nikachapa vile vile nilivyochapa siku ile, kwa kidole kile kile. Kisanduku kikashukuru. Nikawafungulia ile mpya wakasome wenyewe: zamani. Hakuna aliyecheka. Suma akasema, mzee wangu, ninyi Wafipa si mgeni akifika mnamwuliza kwanza anatoka wapi, ndipo anakwenda wapi? Hiki nacho kimeuliza hivyo hivyo. Tangu jana hakuna ofisini asiyejua kunakili.

Suma ameachwa aendelee na kazi, tena kompyuta amekabidhiwa yeye. Anakaa kwenye kiti changu, kakiinua. Mimi nimepewa likizo bila mshahara mpaka wakubwa waamue, na baada ya hapo, kama nitarudi, ni kwenye taipureta. Sijali. Sitaki kukiona kile kitu tena, wala kukinusa.

Lakini mbolea yenu, dada, ya kupandia haipo tena. Itakayokuja ni ya kukuzia, mahindi yakishafika magotini. Hilo siwezi kulipamba. Kwa hiyo fukieni nyasi kwenye matuta kama mama alivyokuwa akifanya, wala msinisubiri. Jumapili ijayo ikipita naja na jembe langu, nianze kwa wale niliowaahidi pale kanisani.

Nakuomba jambo moja. Jumapili watu wakitoka misa, simama pale pale niliposimama mimi, uwasomee barua hii kwa sauti, na jina la Suma ulisafishe. Nisalimie Shemeji Polikarp, mwambie asiniwekee pombe, sistahili. Waambie pia kwamba nikifika nitalima Chala nzima peke yangu kabla ya Noeli. Hilo la kulima wasiliamini. Hilo jingine waliamini.

Ni mimi mdogo wako,
Oswaldi