Kichupa Alichokikataa Gervasio

Pichincha, Rosario
14 Juni 2019

Mpendwa binamu Anselmo,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya huku. U hali gani? Mgongo umepoa? Na wifi Zulema hajambo? Sisi tunapumua. Mwanangu Nahuel katoka hospitali Jumanne. Anakula kidogo, ila anatembea kwa magongo.

Barua yako nimeisoma. Unaniomba nimsamehe Gervasio kwa kuwa ni kaka wa mkeo. Nisikilize kwanza.

Kazi yangu unaijua. Ile homoni ya ukuaji tunayoisafisha maabara ni ya kuchunguzia seli kwenye visahani. Kila kichupa kimeandikwa: kwa utafiti tu, si kwa binadamu. Gervasio alijidai ana maabara, akaagiza vichupa kwetu, akabandua maandishi, akawauzia vijana wa ukumbi wake wa mazoezi. Nahuel akaambiwa, "Utakuwa fahali! Ila mama yako asijue."

Akajichoma pajani; paja likatunga usaha, likaoza. Madaktari walipokuwa wakilisafisha nilisimama mlangoni, namsikia mtoto wa miaka kumi na tisa akiniita mama.

Jumamosi nilikwenda ukumbini kwake wakati umejaa watu. Kichupa nilichokikuta chini ya godoro la Nahuel nikakiweka mezani, na sindano kando yake.

"Gervasio, jichome."

Akacheka. "Dada Mirta, usiniaibishe mbele ya wateja."

"Dada yako nani? Si ulisema dawa safi? Jichome wakuone!"

Jasho likamtoka. Kijana mmoja mwenye shingo nene akaacha vyuma vyake, akasogea. "Bosi, mbona hutaki?"

"Niacheni! Hiyo si ya watu!"

Yule kijana akauliza taratibu, "Na sisi ni nani?"

Hao hao wateja wake ndio waliofunga mlango na kuita polisi. Sikuondoka mpaka nikaona pingu. Na usiku ule, Anselmo, nililala vizuri.

Zulema sina ugomvi naye. Aje wakati wowote tunywe chai yetu ya yerba mate. Lakini kusamehe usiniombe tena. Jumatano natoa ushahidi mahakamani. Nitavaa lile gauni jekundu na kukaa kiti cha mbele kabisa. Kila Gervasio akigeuza shingo, nataka anione.

Nisalimie shangazi Etelvina na watoto wote. Mungu awafunike kwa mkono wake, nyumba yenu isijue kilio kama changu.

Ni mimi, ninayekupenda hata ukikasirika,
Mirta