Nati ya Mbele Haijageuka

Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Nimeiona ripoti yangu kwenye printa. Bado ya moto! Kurasa sitini na nne, picha zangu, vipimo vyangu, hata ile sentensi ya ukurasa wa tatu iliyonisumbua siku nzima. Na juu ya jalada, kwa herufi kubwa: Guylain. Guylain peke yake, mkuu wetu wa karakana. Mimi niko mwisho kabisa, kwenye remerciements, ukurasa wa shukrani — "na wafanyakazi wa karakana".

Miezi mitatu! Miezi mitatu nafunga tochi na kufungua tochi kwenye garde-main, kile kishikio cha mbele cha bunduki, pale mkono wa kushoto unaposhika. Mifumo mitatu ya kufungia vifaa. Reli ya Picatinny, yenye meno kila upande: inashika chochote, ila nzito, na imenilia glavu jozi mbili. KeyMod, yenye matundu kama ya ufunguo: nyepesi, inapendeza macho, lakini kwangu ilipodondoshwa tochi ilisogea. M-LOK, nafasi ndefu tupu, na nati inayogeuka kwa ndani ikakaa kama komeo la mlango. Nimezidondosha, nimezitia kwenye mashine ya kutikisa, nimezipima upya. Mimi. Yeye alikuwa anapita na kahawa yake, anauliza, ça va, mambo vipi?

Mkataba wangu unaisha tarehe 31. Directeur alisema mbele ya wote: aliyefanya ulinganisho huu ndiye atakayepewa kazi ya kudumu ya majaribio. CDI! Sasa ripoti ina jina moja, na si langu.

Sikulia. Nilikula sandwichi yangu yote, nikitafuna taratibu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimemfuata Guylain stoo. Namwita tonton, mjomba, kwa sababu ni mtu mzima, wa Bukavu, na ndiye aliyeniingiza hapa. Nilikuwa nasafisha ofisi zao. Akanikuta nakaza bawaba ya mlango bila kutumwa na mtu, akasema huyu mtoto ana mikono. Miaka minne nimemheshimu. Mkewe alipojifungua nilipeleka sufuria mbili za pilau!

— Tonton, jina yangu iko wapi?

Hata hakushtuka.

— Mutoto yangu, usikasirike. Bon, bakubwa banataka jina moya tu. Rapport ni ya équipe, ya sisi bote, donc ni ya chef.

— Chef alipima nini?

— Njo mi nilikuingizaka hapa, hein? Usisahabu.

Akanipigapiga begani. Mara tatu. Bega bado nalihisi.

Msikitini niliomba Mungu anisamehe. Halafu nikaomba Guylain aaibike mbele ya watu. Kwa mpangilio huo huo, sikuona haya.

Jumapili, 5 Oktoba

Soko la Gare du Midi na Zaituni. Tumekua wote Buyenzi, Bujumbura. Yeye sasa anapaka watu kucha hapa mjini, mtaa wa Matonge, Chaussée de Wavre, mimi ninabaki na kucha tupu kwa ajili ya udhu. Ananitania kila mara: mteja wangu mkubwa wa rouge, na kucha hana!

Kweli, namaliza chupa zake. Kila skrubu niliyoikaza kwa kipimo naivutia mstari mwekundu wa rangi ya kucha, kuanzia kichwani mwa skrubu mpaka kwenye chuma. Skrubu ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, unajua papo hapo. Wengine hapa wana kalamu maalumu za kazi hiyo. Mimi nafanya alivyofanya baba. Gereji yake ya Buyenzi haikutoa gari bila mstari kwenye kila nati ya gurudumu, kwa rangi yoyote iliyobaki mkebeni. Alikuwa anasema kwa mstari huo mtu anajua nani wa kumlaumu. Watu walikuja wakitaka mstari tu juu ya kazi ya fundi mwingine. Aliwafukuza.

Zaituni kwenye meza ya zeituni, mdomo umejaa:

— Mwambie directeur.

— Ataamini nani? Guylain ana miaka onze pale, kumi na moja!

— Alors umwache aanguke mwenyewe. Weye usimusukume, lakini usimushike.

Nimelipenda neno hilo. Nimelirudia kichwani kwenye metro mpaka nyumbani Molenbeek.

Jumanne, 7 Oktoba

Wanunuzi wanakuja Ijumaa, watatu, wa kikosi fulani cha doria. Tonton ameniita kwenye meza yake. Sauti tamu!

— Hidaya, unipatie phrases deux tu. Juu ya nini tunachagua M-LOK?

Nikampa sentensi mbili. Nyepesi kuliko reli na haikati mkono. Inashika imara kuliko matundu ya ufunguo.

— Na shida yake?

Nilimtazama. Shida yake iko ukurasa wa 41! Nimeiandika kwa wino mzito: unapokaza, nati lazima igeuke robo mzunguko ikae kwa kukingama. Isipogeuka, skrubu inakaza vilevile, spana inakubali vilevile, kwa nje huoni kitu — na tochi imeshikwa na hewa. Lazima uchungulie kwa ndani. Mwezi wa saba ilinipata mimi mwenyewe, tochi ikaruka ikapasua kioo cha mashine.

Ameiba kitabu bila kukisoma! Nilitaka kucheka, nikakohoa.

— Shida yake iko ndani ya rapport, tonton.

— Ah, bon, akasema, akafunga faili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Imetokea. Imetokea na sikuinua kidole.

Kawaida naandaa meza ya maonyesho mimi. Leo tonton kaniambia acha, nitafunga mwenyewe, directeur apite anione na spana. Na kweli directeur alipita. Tonton akakaza skrubu mbili za tochi, tak, tak, spana ikalia vizuri, akafuta garde-main kwa kitambaa kama bwana harusi anayefuta viatu.

Alipokwenda kula nilichungulia kwa ndani. Nati ya nyuma imekingama. Ya mbele imelala kwa urefu ndani ya nafasi yake. Haijageuka!

Kesho ataiweka kwenye mashine ya kutikisa dakika kumi, mbele ya wanunuzi. Kioo kipya ni kinene, hakuna atakayeumia. Ila yeye.

Nusu mzunguko nyuma, kusukuma kwa kidole, kukaza upya. Sekunde ishirini. Nilikuwa na spana mfukoni. Nilisimama pale, nikazihesabu sekunde ishirini zote, halafu nikaenda kunawa mikono.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kando ya mfereji. Nina furaha mbaya. Nimepika maharagwe nikayatia chumvi mara mbili.

Ijumaa, 10 Oktoba

Saa tano na robo asubuhi. Niko kwenye kibenchi cha korido, nje ya ukumbi. Naandika huku nasikiliza.

Mkutano ulianza saa nne. Mlango ni mwembamba, nasikia kila kitu. Tonton aliongea vizuri, siwezi kukataa. Phrases zangu mbili alizitoa kama zake. Kisha mama mmoja wa upande wa wanunuzi, mwenye miwani kwenye kamba, akauliza hii mistari myekundu kwenye picha zote ni ya nini. Tonton akasema ni rangi ya kampuni.

Rangi ya kampuni!

Yule mama akauliza, basi mbona hii ya mezani haina? Tonton akasema itapakwa sasa hivi. Directeur akasema tunywe kahawa kwanza.

Tonton katoka mbio na garde-main mkononi, jasho puani.

— Hidaya, mutoto yangu, weka ile rouge yako. Vite!

Chupa nilikuwa nayo. Nikaifungua. Kibrashi kilikuwa juu ya skrubu ya mbele, tone tayari linaning'inia. Ningechora, mashine ingewashwa, tochi ingeruka — na mstari ungekuwa wangu. Wa baba.

— Siweki alama kwa kitu sikufunga, tonton. Chora mwenyewe.

Nikampa chupa. Na Mungu ananiona, mdomo ulifunguka kumwambia kuhusu nati. Ulifunguka kabisa! Lakini akanipigapiga bega.

— Merci, mutoto yangu. Nitakukumbuka ku remerciements.

Ukafungika.

Akapaka palepale, ameegemea ukuta. Alipaka vichwa vya skrubu vyote, duara zima, nyekundu pyu, kama kucha za Zaituni. Mstari hakuna. Hakuna kilichovuka kwenda kwenye chuma. Akapuliza, akaingia.

Mashine imewashwa. Dakika moja. Mbili. Naujua mlio wake kama ninavyojua mlio wa jiko langu. Sasa umebadilika — kuna kitu kinagonga ndani yake, kidogokidogo —

Paa!

Kioo kimehimili. Mashine imezimwa.

Sauti ya yule mama, haina hata hasira: nani alizifunga zile skrubu za kwenye picha?

— C'est moi, ni mimi, madame, anajibu tonton.

Yule mama anasema vizuri sana. Basi hii hapa skrubu, na rangi unayo. Nichoree moja kama zile.

Nasikia kifuniko cha chupa kinafunguliwa. Kinafungwa.

— Hidaya!

Huyo ni tonton. Hajasema mutoto yangu. Jina langu, kwa sauti, mbele ya directeur na wanunuzi wote watatu.

— Hidaya! Kuya hapa!

Mara ya pili. Spana iko mfukoni, miguu imeshasimama yenyewe. Ngoja nimalize kuandika mstari huu. Acha aite na mara ya tatu, walisikie vizuri.