Madaftari ya Furaha Katika Kabati ya Bureau

Butembo, Novemba 2001. Barua kwa Mama Emérence, mshauri wa wazazi, iliyosomwa mkutanoni pamoja na jibu lake.

Baba Padri, Bwana Préfet mkuu wa shule yetu, wazee wa kamati, walimu, nanyi wazazi wenzangu: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake. Mpendwa mshauri, wewe niliyekuweka mwisho katika salamu ndiwe wa kwanza katika haja yangu. Naomba msaada.

Tangu Septemba, Madame Jokébed anawafundisha binti zetu wa mwaka wa nne somo jipya, elimu ya furaha na maisha mema, akisema wataalamu wamechunguza kinachomfurahisha mtu kama wengine wanavyochunguza malaria, na kila Ijumaa wanafunzi huandika mambo matatu yaliyowafurahisha, walikuwa wapi na nani, kisha yeye hukusanya madaftari, nami najiuliza, katika vita hivi, ni nani anayetaka kujua furaha zetu zinalala wapi? Hapa kwetu ukiulizwa habari za kazi unajibu "Tunasumbuka tu", hata kama maharagwe yamejaa hadi darini, na tangu wenye bunduki waanze kuingia nyumbani tumewazoeza watoto kujibu "hakuna" kabla swali halijaisha. Basi darasa zima liliandika "Hakuna, hakuna, hakuna", Madame akalia akidhani ni huzuni. Ni binti yangu peke yake aliyeandika kwamba kaka yake, aliyewatoroka wanaokamata vijana kuwatia jeshini, amerudi na analala katika ghala letu.

Nilimuuliza: "Benzako baliandika nini?"

"Hakuna."

"Na weye?"

"Papa, Madame alisema tuandike ya kweli. Na ilikuwa kweli. Nilifurahi sana."

Kesho yake nilimpitisha kijana njia ya Kasindi, akavuka mpaka, ndiyo maana leo naweza kuandika. Lakini sasa kila ninalomuuliza binti yangu, ananijibu "hakuna". Nami nimekwisha kusema sokoni Musienene kwamba Madame ni mpelelezi. Nifanye nini somo hili lifukuzwe?

Ni mimi,
Baba mwenye ghala

Jibu la Mama Emérence

Ndugu yangu, uliogopa, na hofu yako ina macho. Mimi pia nililishuku somo hili. Nilikwenda kwa Madame Jokébed bila kumwarifu, nikamuuliza madaftari yanakaa wapi.

"Katika kabati ya bureau ya Bwana Préfet, Mama."

"Ufunguo?"

"Kwa sentinele anayelinda lango."

"Na sentinele akiwekewa bunduki kichwani?"

"Mama, ile sikuifikiria."

Mpelelezi angekuwa na jibu.

Madame, kosa lako si dogo. Ulijifunza furaha katika vitabu vya nchi ambako mtu haporwi kwa sababu alionekana akicheka. Lakini wewe, baba, umemzidi. Katika mji huu neno "mpelelezi" likitoka halirudi mikono mitupu. Jumanne watu wawili wasiojulikana waliuliza nyumba ya Madame iko wapi. Ulimvusha mtoto wako mpaka, ukamwacha mtoto wa mwenzako njiani.

Unalalamika kwamba binti yako anakujibu "hakuna". Nani alimfundisha? Ulimpa neno la kuwajibu askari, na siku aliyotaka kukuambia kwamba alifurahi, ulimhoji kama askari. Mtoto asiye na mtu nyumbani wa kumwambia furaha yake atamwambia yeyote atakayemuuliza. Hilo ndilo somo lenyewe, na halihitaji daftari.

Kamati imenikabidhi uamuzi, nao ni huu. Somo litaendelea kwa mdomo tu, bila jina la mtu wala la mahali. Madaftari yote arobaini na matatu yako mezani mbele ya Baba Padri. Kila mzazi atachukua la mtoto wake, atalisoma pamoja naye, amsikilize hadi mwisho bila kumkatiza, kisha watalitia motoni jikoni.

Lakini hakuna mkono utakaogusa meza hii kabla aliyeandika barua hajasimama na kulifuta neno lake mbele ya Madame. Jina lako sikulitaja, wala sitalitaja; utasimama mwenyewe. Baada yako watasimama wote waliolirudia neno hilo sokoni, kanisani na visimani, na nadhani mabenchi haya yatabaki matupu. Kisha sote, kwa mguu, tutamsindikiza Madame hadi mlangoni pake, ili wale wawili waone ni watu wangapi wanaoijua nyumba yake.

Baba, tunakungoja.